VIDUDU VYA TORORO NA DAWA ZA WALIMWENGU



Askari hufundishwa kumpima adui kwa idadi ya silaha zake. Lakini daktari ye yote wa jeshi atawaambieni kwamba katika vita vilivyopiganwa kwenye nchi za joto, mara nyingi homa imelaza askari wengi kuliko risasi. Kwa sababu hiyo majeshi ya mataifa makubwa hayakuwaachia waganga wa kiraia peke yao kazi ya kutafuta dawa. Katika maelezo ya leo tutazungumzia historia ya kazi hiyo, yaani jinsi dawa mpya inavyotafutwa, inavyochujwa na kupimwa kabla haijatiwa mkononi mwa mgonjwa. Nasi tutaitazama historia hiyo tukiwa tumesimama mahali pamoja, Tororo na Busia, pale unapopita mpaka wa Uganda na Kenya. Huenda baadhi yenu mlioko Rubongi, Malaba au Busia hamjapata kuambiwa kwamba jina la maabara moja ya Tororo limeandikwa katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa muda wa zaidi ya miaka 60. Herufi zake ni tano: EATRO.

Ugonjwa ulioileta maabara hiyo ni malale. Katika miaka 20 ya kwanza ya karne ya ishirini, malale yaliua watu wanaokadiriwa kufika 250,000 katika nchi ya Uganda na pwani za ziwa la Viktoria. Busoga iliteketea, na Samia pia iliguswa. Yafaa kukumbuka kwamba mpaka tunaoulinda leo ulikuwa bado mchanga kabisa wakati huo: hadi mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea mpaka Naivasha, na Busia zote mbili zilikuwa chini ya utawala mmoja. Wakoloni walichora mstari mpya kwa kalamu, lakini mbung'o hakupewa taarifa.

David Bruce alithibitisha mwaka 1903, akiwa Entebbe, kwamba kidudu cha malale huenezwa na mbung'o. Mjerumani Robert Koch akafika visiwa vya Sese mwaka 1906 na dawa iitwayo atoxyl, iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki. Wagonjwa walipata nafuu, naye akaongeza kipimo ili apate matokeo makubwa zaidi. Baadhi yao wakapofuka. Hivyo ndivyo dawa ilivyopimwa siku hizo: aliyepimiwa alikuwa mtu mwenyewe, na mtu huyo alikuwa mtawaliwa asiyeulizwa.

Njia nyingine ilikwisha kuanza kule Frankfurt. Paul Ehrlich pamoja na Mjapani Kiyoshi Shiga walikuwa wamewatia panya weupe vidudu vya jamii hiyo hiyo ya malale, kisha wakawapa rangi za viwandani, moja baada ya nyingine, ili waone ni rangi gani itakayoua kidudu bila kumwua panya. Mwaka 1904 wakapata moja, nyekundu. Haikufaa kwa binadamu, lakini utaratibu wenyewe ulikuwa ndio uvumbuzi. Chukua vitu mia kadhaa, vipe namba, vijaribu vyote kwa panya walio sawa na kwa kidudu kile kile, tupa visivyofaa, rekebisha kidogo vinavyokaribia kufaa, kisha anza tena. Kutokana na utaratibu huo ilipatikana mwaka 1909 dawa ya kaswende iliyojulikana kwa namba yake, 606. Viwanda vingi vya dawa vilivyopo leo duniani bado vinafuata hatua zile zile, ijapokuwa panya wametanguliwa na mashine. Basi kidudu cha jamii ya malale ndicho kilichowafundisha Wazungu kazi ya kutafuta dawa kwa mpango. Ehrlich alifundishwa na kidudu hicho jambo la pili pia, tena chungu zaidi: kikipewa dawa isiyotosha kukimaliza, huizoea, na watoto wake huzaliwa wakiwa wameizoea.

Mwaka 1916, vita vikuu vikiendelea, kiwanda cha Bayer kilipata dawa iliyoitwa Bayer 205, ambayo siku hizi twaiita suramini. Wajerumani waliificha siri ya muundo wake kama inavyofichwa siri ya bunduki mpya. Haikufaa kitu. Mkemia Mfaransa Ernest Fourneau aliifumbua akaitangaza mwaka 1924. Suramini ilikuwa na kasoro moja kubwa: husafisha damu, lakini haiwezi kuingia katika ubongo, na mgonjwa wa malale hufa pale vidudu vinapoingia kichwani. Kwa hatua hiyo ya pili ilitumika dawa ya aseniki tena, na mwaka 1949 Ernst Friedheim akatoa iliyo kali kuliko zote, melarsoproli. Dawa hiyo huunguza mishipa inapoingia. Huyeyusha bomba la plastiki, hata ilibidi itiwe kwa bomba la kioo. Nayo yenyewe iliua karibu wagonjwa 5 katika kila 100 walioletwa ili waponywe. Mganga aliyeitumia alijua hesabu hiyo kabla hajashika sindano, na hakuwa na nyingine ya kushika.

Sasa tufike Tororo.

Baada ya vita vya pili vya dunia, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliunda shirika moja la kuchunguza malale ya watu na nagana ya ng'ombe, na maabara yake ikajengwa Sukulu, karibu na mji wa Tororo. Miaka ya 1957 hadi 1963 mkurugenzi wake alikuwa W. H. R. Lumsden. Yeye na wenzake, akiwamo M. P. Cunningham, walikabili tatizo ambalo kwa mtu asiye wa kazi laonekana dogo. Kidudu kilichochukuliwa kwa mgonjwa hakikai vile vile. Ukikihamisha kutoka panya mmoja hadi mwingine kwa miezi, hubadilika tabia, kikawa kikali zaidi kwa panya na kigeni kwa binadamu. Mtafiti anayejaribu dawa leo na yule atakayeijaribu mwakani hawatakuwa wanapigana na adui mmoja, wala hesabu zao hazitalinganishwa.

Jibu la Tororo lilikuwa baridi. Damu yenye vidudu ilichanganywa na gliseroli, ikatiwa katika vijipira vyembamba vya kioo, ikagandishwa polepole kwa barafu kavu hadi nyuzi 79 chini ya sifuri. Vidudu vililala bila kufa wala kubadilika, na baada ya miaka mingi viliweza kuamshwa vikiwa kama vilivyokuwa siku ya kwanza. Kila akiba ikapewa namba ya EATRO, kama askari anavyopewa namba yake siku anapoandikishwa, na pamoja na namba hiyo ikaandikwa mahali na mwaka kilipopatikana kidudu, na aliyekuwa nacho, awe mtu, ng'ombe au mnyama wa porini. Kwa mfano EATRO 1125 alitolewa katika damu ya pongo nchini Uganda mwaka 1966, na wajukuu wake wanafugwa hadi leo katika maabara za ng'ambo. Kwa maoni yetu ghala hilo la baridi lina thamani kuliko majengo yote ya Sukulu, maana bila adui asiyebadilika hakuna kipimo cha silaha.

Kazi nyingine ya wataalamu wa Tororo iliwahusu moja kwa moja watu wa pande zote mbili za mpaka. Malale yalipozuka Alego, katika Nyanza, miaka ya sitini, R. J. Onyango pamoja na van Hoeve na de Raadt walipima mifugo ya wenyeji. Mwaka 1966 wakatangaza kwamba ng'ombe wa kawaida wa zizini anaweza kubeba kidudu cha malale ya binadamu bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa. Kabla ya hapo lawama zilikuwa zikitupiwa wanyama wa porini peke yao. Baada ya hapo kila ng'ombe aliyevushwa mto Malaba au mto Sio usiku alikuwa na maana mpya kwa afisa wa afya, na ingepasa awe na maana mpya kwa polisi pia. Walioona umuhimu huo walikuwa wachache. Malale yalipoibuka Soroti mwaka 1998, mahali yasipokuwako zamani, uchunguzi ulionyesha kwamba yalifuata mnada wa ng'ombe.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Wengi hukumbuka reli, ndege na posta zilivyogawanywa, maabara haikumbukwi. Tororo ikabaki kuwa ya Uganda peke yake, na Kenya ikaanzisha taasisi yake Muguga. Wanasayansi waliokuwa wakitumia ghala moja wakawa watu wa serikali mbili. Na saa yenyewe ilikuwa mbaya, maana tangu mwaka 1976 malale yalikuwa yameanza kuwaka tena Busoga, wakati utawala wa Amin ulipokuwa umezivuruga huduma za mbung'o na za mifugo. Maelfu ya watu waliugua, na katika miaka ya themanini ugonjwa ulifika Tororo na Busia, ukavuka hata upande wa Kenya. Maabara iliyojengwa kwa ajili ya siku kama zile ilikuwa imepungukiwa watu, fedha na petroli.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Mwaka 1980 Cyrus Bacchi na wenzake huko New York walitangaza kwamba dawa moja iliyokuwa ikitazamiwa kutibu saratani, eflonithini, iliwaponya panya wenye vidudu vya jamii ya malale. Miongoni mwa vidudu ambavyo maabara hiyo ilivitumia sana ni kile chenye namba EATRO 110. Dawa hiyo ikakubaliwa rasmi Marekani mwaka 1990, na wagonjwa waliokwisha kupoteza fahamu wakaamka. Lakini wagonjwa hao walikuwa wa malale ya magharibi, ya Kongo, Sudani na pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Kidudu cha malale ya mashariki, hicho cha Busoga, Tororo na Busia, hakikutishika. Kimeng'enya kinachozibwa na dawa hiyo, kidudu cha mashariki hukitengeneza upya upesi mno, na kabla ya dawa kumaliza kazi pengo limekwisha kuzibwa. Mwana wa Tororo aliendelea kutiwa aseniki.

Aliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Na dawa iliyomtoa huko haikuwa mpya. Kampuni ya Hoechst ya Ujerumani ilikuwa nayo tangu miaka ya sabini, ikiitwa feksinidazoli. Mwaka 1983 Jennings na Urquhart wa Glasgow walionyesha kwamba inaponya panya ambao ugonjwa umeingia ubongoni. Kisha ikawekwa kabatini, kwa kuwa wagonjwa wa malale hawana fedha. Mwaka 2005 shirika la DNDi, lisilofanya kazi kwa faida, lilipokuwa likipekua mamia ya dawa za ukoo huo zilizoachwa, likaiona. Kwa malale ya magharibi ilikubaliwa mwaka 2018. Kwa malale ya mashariki ilijaribiwa Malawi na katika hospitali ya Lwala, Uganda, kwa wagonjwa 45, na mwisho wa mwaka 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakaipasisha. Mwaka 2024 Shirika la Afya la Dunia likaitia katika mwongozo wake. Ni vidonge vya kumezwa kwa siku 10. Kenya, ambayo mgonjwa wake wa mwisho aliyeambukizwa nchini aliandikwa mwaka 2009, ilitangazwa mwaka 2025 kuwa malale si tishio tena kwa afya ya umma.

Ndugu wasikilizaji, malaria ina historia iliyo karibu zaidi na kambi za askari.

Marekani ilipoingia vitani Vietnam, klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa huko. Taasisi ya jeshi ya Walter Reed ikaanza mwaka 1963 mpango wa kuchuja dawa ambao kwa ukubwa haukuwa umeonekana: zaidi ya vitu 250,000 vilijaribiwa kwa panya, na mojawapo ya vilivyopatikana ni meflokwini. Upande wa pili wa vita hiyo hiyo, Vietnam ya Kaskazini iliiomba China msaada. Tarehe 23 Mei 1967 ukaanzishwa mradi wa siri uliopewa jina la tarehe hiyo, 523. Wachina hawakuwa na mashine za Marekani. Walikuwa na vitabu vya mababu. Tu Youyou na wenzake walipekua maagizo ya waganga wa kale, wakaijaribu mitishamba kwa panya, na mmea mmoja wa jamii ya pakanga ukafaa siku moja, siku ya pili usifae. Akasoma tena kitabu, akafahamu kwamba kuchemsha kunaiharibu, akaukamua mmea huo kwa etha isiyohitaji moto mkali. Mwaka 1972 kiini chake, artemisinini, kikatengwa. Yeye mwenyewe alimeza dawa hiyo kwanza ili aone kama itadhuru. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Klorokwini ilianza kushindwa Afrika Mashariki mnamo 1978, ikionekana kwanza kwa wasafiri waliotoka Kenya na Tanzania. Kwa bahati, miaka miwili kabla yake Trager na Jensen wa New York walikuwa wamefaulu kukuza vidudu vya malaria katika sahani, nje ya mwili wa mtu. Kidudu hicho hakipendi hewa nyingi. Wao walikiweka katika chombo cha kioo pamoja na mshumaa unaowaka, wakafunika, na mshumaa ulipozimika hewa iliyobaki ilikuwa kadiri anayoitaka. Mwaka 1978 Karl Rieckmann akageuza ufundi huo kuwa kipimo cha dawa kinachoweza kubebwa hadi kijijini. Tangu siku hiyo kilichopimwa si panya wala askari wa kujitolea. Ni damu ya mgonjwa yenyewe.

Hicho ndicho kinachofanyika Tororo sasa. Kulingana na vipimo vilivyochukuliwa mwaka 2001 na 2002, mkaaji wa Tororo aliumwa na mbu wenye malaria mara 562 kwa mwaka, na kwa ajili hiyo watafiti wa Uganda na wenzao wa California wamefanya kazi hapo kwa miaka mingi. Mgonjwa afikapo hospitali ya Tororo au ya Masafu, Busia, na kukubali, hutolewa damu kidogo kabla ya kupewa dawa. Damu ya Busia husafirishwa hadi maabara ya Tororo. Hugawanywa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, na kila safu ina dawa yake kwa viwango vinavyopungua. Baada ya saa 72 hutiwa rangi inayong'aa inaposhika DNA. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu haina DNA, kwa hiyo kinachong'aa ni kidudu. Kishimo chenye giza maana yake dawa imeua.

Sahani hizo zimesema mambo ambayo hayakutazamiwa. Uganda ilipoacha kutegemea klorokwini na kuanza kutumia mseto wa artemeta na lumefantrini, uliochaguliwa mwaka 2004, vidudu sugu vilikosa faida ya usugu wao. Miaka ya 2016 hadi 2020 vidudu vingi vya Tororo na Busia vilikuwa vimerudi kuuawa na klorokwini. Fansidar haikurudi vivyo hivyo. Usugu wake umebaki, nayo ndiyo iliyokuwa ikipewa wajawazito. Ndiyo sababu jaribio la wanawake 300 wa Tororo, lililotangazwa mwaka 2016, likionyesha kwamba mseto wa dihidroartemisinini na piperakwini huwakinga vizuri zaidi na malaria, lilisomwa na wizara nyingi za afya. Habari mbaya nayo ikaja kutoka kaskazini mwa Uganda: mabadiliko katika jeni iitwayo K13, yanayokifanya kidudu kife polepole kikipewa artemisinini. Kufikia miaka ya 2021 na 2022 yalikuwa yameonekana mashariki pia.

Polisi wa mpakani watauliza hayo yanawahusu nini. Yanawahusu sanduku kwa sanduku. Tangu mwaka 2006 Shirika la Afya la Dunia lilitaka artemisinini isiuzwe peke yake bila mwenzi wake, kwa kuwa dawa moja, au dawa iliyopunguzwa nguvu, ni shule ya vidudu. Kasha la vidonge bandia linalopita njia ya panya Busia hufanya kazi ile ile aliyoiona Ehrlich kwa panya wake.

Na kompyuta je? Hiyo nayo imeingia. Mwaka 2003 wataalamu wa Bangkok walichora umbo la kimeng'enya ambacho Fansidar hukishika, chembe kwa chembe, wakaona ni wapi kidudu sugu kimepinda kidogo ili dawa isiingie, kama kitasa kilichobadilishwa jino moja. Kwa mchoro kama huo ufunguo mpya huweza kuchongwa juu ya kioo cha kompyuta kabla haujatengenezwa katika chupa. Mashine huchuja mengi sana. Mwaka 2010 kampuni ya GSK ilitangaza kwamba imejaribu karibu vitu 2,000,000 dhidi ya kidudu cha malaria, ikaweka wazi orodha ya 13,533 vilivyofaa, ili kila mtafiti aitumie. Tulinganishe na Bayer 205.

Lakini mashine hizo na kompyuta hizo hutumia vidudu vilivyofugwa maabara miaka mingi, vyenye tabia zilizozoeleka. Kila dawa mpya itakapokuja Afrika itakutana na vidudu vingine, vilivyopigana na klorokwini, Fansidar na artemisinini kwa zamu, na ambavyo kompyuta haijapata kuviona. Ndiyo maana dawa ambazo bado hazina jina madukani, ikiwamo ganaplasidi, zimepelekwa Tororo zijaribiwe katika vishimo vile 96 kwa damu iliyotolewa asubuhi hiyo hiyo. Ganaplasidi ikichanganywa na lumefantrini ilijaribiwa baadaye kwa wagonjwa wa nchi 12 za Afrika, na matokeo yake mazuri yakatangazwa Novemba 2025.